Daraja la pili lina faida yake

Mwandishi, unasema daraja la pili la mataifa ya raga ya ligi (rugby league) limewabana Tonga na Samoa. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kanuni hizohizo za madaraja ndizo zilizomruhusu Andrew Fifita, aliyekwisha kuichezea Australia ya daraja la kwanza, ahamie Tonga mwaka 2017, na Tonga wakaifunga New Zealand 28-22. Mdau hapo juu anaita hiyo bahati. Je, na 2019 walipoilaza Australia 16-12? Mimi nilikuwa jukwaani London mwaka 2022 Samoa walipoitoa England 27-26 kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia, huku Jarome Luai, nyota wa New South Wales ya Australia, akiwa upande wao. Kinachowaumiza hasa ni uhaba wa mechi. Wapewe ratiba ya uhakika kila mwaka dhidi ya vigogo, uwanja wenyewe utawapanga.