Nani Huikagua Bembea Kila Asubuhi?

Ziara za wanafunzi zimebadilika sura. Zamani darasa la hapa Kimana lilipotoka, lilikwenda Amboseli kuwatazama tembo, au bandarini Mombasa, au katika Jumba la Makumbusho la Nairobi. Siku hizi ratiba haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka ziwemo saa mbili tatu za bustani ya burudani jijini, na wanafunzi huzizungumzia saa hizo kwa mwezi mzima, ilhali makumbusho wameyasahau kabla basi halijafika Emali. Siwalaumu hata kidogo. Mtoto aliyekulia uwandani, anayeuona mlima Kilimanjaro kila asubuhi, ana haki ya kupandishwa juu ya reli na kuporomoshwa akipiga mayowe sawa na mtoto wa Nairobi. Lalamiko langu ni juu yetu sisi walimu tunaompeleka.

Kabla ya safari ya kilomita zipatazo 200 kutoka hapa hadi Nairobi, tunalikagua basi. Tunataka kuona cheti cha ukaguzi, tunalitazama gurudumu la akiba, tunamkumbusha dereva kwamba haruhusiwi kuwasafirisha wanafunzi usiku. Mzazi naye huuliza, na akijibiwa vibaya hatoi nauli. Tukishafika kwenye bustani, maswali yote hayo huishia langoni. Tunalipa, tunawahesabu wanafunzi, tunawaachia. Sijapata kumsikia mwalimu mwenzangu akiuliza neno hata moja kuhusu breki za rolakosta.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajaipanda, rolakosta ni msururu wa vigari unaofuata reli iliyoinuliwa juu ya nguzo. Si jambo geni duniani. Mwaka 1884 LaMarcus Thompson alifungua reli yake huko Coney Island, New York, nauli ikiwa senti 5 na mwendo usiozidi sana ule wa mtu anayekimbia. Mwaka 2010 huko Abu Dhabi ikafunguliwa nyingine iendayo kilomita 240 kwa saa. Sisi huku tumekuwa na vyombo vya kiasi. Wa rika langu wataikumbuka Luna Park kando ya Uhuru Park, na tangu jumba la Two Rivers lifunguliwe mwaka 2017, vijana wamepata pengine pa kwenda.

Mwanafunzi wa fizikia anapaswa kulitambua jambo moja: vigari vingi vya namna hii havina injini. Mnyororo huvivuta hadi kilele cha kwanza na kuviachilia, na kuanzia hapo kazi yote hufanywa na uzito wa dunia. Kilima cha pili hakina budi kuwa kifupi kuliko cha kwanza, kwa kuwa msuguano na upepo hula sehemu ya nishati njiani. Toka kimo cha mita 20, msuguano tukiuweka kando, vigari hufika chini vikiwa na kasi ya mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, awe aliyeketi ni mnene au mwembamba. Ile sauti ya ta-ta-ta isikikayo wakati wa kupanda ni ya jino la chuma linalodondokea kwenye meno ya reli, ili mnyororo ukikatika vigari visirudi nyuma. Kila kigari kina magurudumu juu ya reli, mengine ubavuni, na mengine chini yake yanayokizuia kisiruke. Nimewahi kukifundisha kipindi kizima kwa kuchora hayo ubaoni, na hakuna aliyesinzia.

Lakini jino hulika. Gurudumu huchakaa. Parafujo hulegea kwa mtikisiko wa kila siku, na kile chuma kinachomshikilia mtoto kifuani huweza kujifunga kwa sauti nzuri bila kujifunga sawasawa. Ndiyo maana katika bustani zinazoendeshwa vyema siku huanza kabla ya wageni kufika: mafundi huikagua reli, huvikagua vigari kimoja baada ya kingine, kisha huvizungusha vitupu mara kadhaa, na mwenye dhamana hutia sahihi. Mgeni haioni kazi hiyo wala haimpi msisimko wowote, ilhali ndiyo inayomrudisha nyumbani mzima.

Na hata hiyo peke yake haitoshi. Tarehe 2 Juni 2015, katika bustani ya Alton Towers nchini Uingereza, msururu mtupu uliotumwa kujaribu reli ya rolakosta iitwayo Smiler ulikwama njiani. Reli ya namna ile hugawanywa katika vipande, na kompyuta hairuhusu misururu miwili iwe katika kipande kimoja. Basi ikausimamisha msururu wa nyuma uliokuwa na watu 16. Mafundi, ambao hawakutambua kwamba siku hiyo msururu wa tano ulikuwa umeongezwa, walidhani kompyuta imekosea. Wakaipuuza na kuuruhusu msururu uende. Waliojeruhiwa ni wengi, na wasichana wawili wakapoteza mguu mmoja kila mmoja. Mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni faini ya pauni milioni 5. Chombo chenyewe kilikuwa kipya, kimenunuliwa kwa mamilioni, na kompyuta yake ilisema kweli. Kilichokosekana ni utaratibu madhubuti wa kumwongoza fundi afanye nini chombo kinapokataa kwenda, wakati foleni ya wageni inamsubiri na jua linazama.

Nakumbuka ziara moja jijini, katika bustani ambayo sitaitaja. Kijana aliyewafungia wanafunzi wangu vyuma vya vifuani alikuwa na simu sikioni. Nilimwuliza kama kuna daftari la ukaguzi wa asubuhi. Alinitazama kwa huruma, akanijibu, "Mwalimu, hii inazunguka tangu nianze kazi hapa." Niliwaondoa wanafunzi kwenye foleni, nao hawakunisemesha mpaka Kitengela. Simlaumu kijana yule kama ninavyomlaumu aliyemwajiri, maana hakuna aliyemwambia kwamba ana mamlaka ya kuisimamisha.

Sheria haijatusahau. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haiwalindi wafanyakazi pekee, bali pia watu wengine wanaoweza kudhurika kwa shughuli za mahali pa kazi. Mwanafunzi aliyeketi kwenye kigari ni miongoni mwao. Kwa hiyo mwalimu anayeomba kuonyeshwa rekodi za ukaguzi haombi fadhila.

Liko na suala la mtaji. Wanafunzi wangu huandika katika insha kwamba Kajiado nayo yahitaji bustani kubwa ya burudani, hasa kwa vile Kitengela inavyofurika watu. Sipingi, ila nawataka wapige hesabu. Bei ya kununua chombo hulipwa mara moja, na siku hiyo waheshimiwa huja kukata utepe. Vipuri, mafundi na bima hulipwa miaka yote ambayo utepe umeshatupwa. Tena mgeni akishapanda mara tatu huchoka, akadai kipya. Huko Cape Town bustani ya Ratanga Junction ilifunguliwa mwaka 1998 ikiwa na rolakosta ya kutisha iitwayo Cobra, katika jiji lenye watalii wengi kuliko tutakaowapata sisi. Ilifungwa Mei 2018. Nasi tunao mfano wetu: Hifadhi ya Kimana ilifunguliwa mwaka 1996 na wanachama wa ranchi yetu ya pamoja, na haikupita miaka mingi kabla ya kukodishwa kwa kampuni ya hoteli. Ikiwa tembo, ambao hawahitaji kutiwa grisi, walihitaji waendeshaji wenye fedha na uzoefu, chuma kitahitaji nini? Anayetaka jibu na ayatazame mashimo ya maji katika jimbo hili ambayo pampu zake zilizinduliwa kwa ngoma zikafa kwa kukosa kipuri.

Nawaomba walimu wenzangu jambo dogo. Kabla shule haijatuma malipo ya kwanza, mwalimu mkuu aiandikie bustani barua ya ukurasa mmoja, aulize chombo kilikaguliwa lini na nani, nani hutia sahihi kila asubuhi, na kama mwendeshaji akiona kasoro anaweza kukisimamisha bila kumpigia mkubwa wake simu. Jibu lisomwe katika mkutano wa wazazi, palepale panapopangwa nauli. Bustani isiyojibu, basi letu lipite na kuelekea makumbusho, hata wanafunzi wakininunia tena njia nzima.