Kabla ya Kununua Daiodi Nyingine, Pima Volti

JICHO LA FUNDI

Leza ya kujiundia inayowaka vizuri usiku, kisha ikazimika saa sita mchana, haina mkosi. Wala si lazima muuzaji wa Kariakoo awe ametoa bidhaa feki. Mara nyingi draiva yake inapewa volti nyingi kuliko inavyoweza kuzimudu.

Fundi kijana wa Wazo, Boko au Mbagala anayetaka leza ndogo ya kuchonga majina kwenye mbao huanza na umeme alio nao, na umeme huo kwa kawaida ni wa volti 12: betri ya gari, betri ya sola, adapta ya kamera za ulinzi. Daiodi ya leza ya buluu inayokula ampea 1 inahitaji takriban volti 4.5 tu. Katikati hukaa draiva, saketi inayohakikisha mkondo hauzidi kiwango. Wengi wanaoanza huijenga kwa LM317, aisii iliyobuniwa Marekani miaka ya 1970. Ni ya bei nafuu, haina ugumu, na kupanga mkondo wake kunahitaji rezista moja. Tatizo ni kwamba volti zinazozidi haina pa kuzipeleka isipokuwa kuzigeuza joto.

Hesabu yenyewe ni fupi. Toa 4.5 kwenye 12, zinabaki volti 7.5, zidisha kwa ampea 1, unapata wati 7.5. Rezista inachukua wati 1.25, ndiyo maana ile nyembamba ya robo wati huungua na kuwa nyeusi. Zaidi ya wati 6 zinaishia ndani ya aisii. LM317 ya umbo la kawaida, ikiachwa bila bamba la kupoozea, hupanda karibu nyuzi 50 kwa kila wati moja, na kiini chake hakitakiwi kuvuka nyuzi 125. Katika hewa ya Dar es Salaam ya mwezi Februari, nyuzi 32 kivulini, inaweza kuhimili wati 1.9 hivi. Hapa imebebeshwa mara tatu yake.

Ikizidiwa, inajilinda: inabana mkondo, inapoa, inaurudisha, inabana tena. Mwenye leza anaona mwanga unafifia na kupepesa, anaamua daiodi imekufa, anapanda daladala kwenda kununua nyingine. Fedha inakwenda, na daiodi mpya inafungwa kwenye draiva ile ile.

Sola nayo inaeleza habari ya usiku na mchana. Betri ya asidi inayoitwa ya volti 12 hufika hadi volti 14.4 inapochajiwa. Jua likiwa kali, joto la draiva linapanda kutoka wati 7.5 hadi 9.9, na chumba cha mabati kimekwisha kuwa tanuri. Usiku betri haichajiwi tena, hewa imepoa, leza inawaka. Mtu asiyepima volti saa za mchana hawezi kukiona chanzo hicho hata abadilishe vipuri vyote.

Uchunguzi mzuri unaanza kwa kuiondoa daiodi ya leza. Mahali pake ziwekwe daiodi nne za kawaida za ampea 3, zikifuatana, pamoja na rezista ya omu 1 ya wati 5. Mzigo huo hula volti zinazokaribiana na za leza yenyewe, na kila volti inayosomeka kwenye miguu ya rezista ile ni ampea moja ya mkondo. Kwa njia hii fundi anaipima draiva kwa utulivu, bila kuhatarisha daiodi ya gharama wala macho. Leza inayotoa zaidi ya nusu wati iko katika daraja la 4, la hatari kuliko yote. Hata mwanga wake uliogonga ukuta na kurudi unaweza kuharibu jicho. Siku ya kuiwasha, miwani ya kinga iliyotengenezwa kwa rangi ya leza hiyo ni lazima.

Kuna kosa moja linalopita macho ya wengi. Bamba la mgongoni mwa LM317 limeunganishwa na mguu wake wa kutolea umeme. Likigusa kasha la aluminiamu, na kasha hilo likawa limeungana na upande chanya wa daiodi, rezista inayopanga mkondo inarukwa na daiodi inaungua. Kipande cha mika na wosha ya plastiki vinaondoa balaa hilo. Kabla ya kurudisha daiodi, kapasita za draiva zimalizwe chaji.

Feni inasaidia, lakini haipunguzi hata wati moja inayopotea. Dawa ni kushusha volti za kuingilia: kwa volti 8, joto linashuka hadi wati 3.5, kiasi ambacho bamba zuri la aluminiamu linakimudu. Anayetumia betri ni bora zaidi aache kabisa LM317 na kuchukua draiva yenye koili, inayoshusha volti kwa kuukatakata umeme. Iliyotengenezwa vizuri hupoteza karibu nusu wati tu kwa kazi hiyo hiyo, na betri inadumu.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Moduli inauzwa bila karatasi inayotaja mkondo wala volti zake, na mnunuzi anabaki kubahatisha. Walimu wa VETA Chang'ombe na wa DIT, chuo kinachofundisha ufundi jijini tangu mwaka 1957, wanaombwa kuhakikisha kijana anayejifunza kulehemu anajua pia kukokotoa joto. Na wewe msomaji ambaye leza yako imelala mezani, ipime volti za kuingilia leo saa saba mchana, kabla hujatoa nauli ya Kariakoo.