Asiye na karatasi akiugua

Wengi wetu tuna mtoto au ndugu aliye Ubelgiji. Kati yao wako walionyimwa ruhusa ya kukaa, nao huishi kwa kujificha. Tukiwauliza habari za afya, hujibu: «Asiye na karatasi hana mganga.» Neno hilo si kweli, tena laweza kuua mtu. Tulichungue vizuri.

Mgeni mwenye ruhusa ya kukaa zaidi ya miezi mitatu, kwa kawaida huandikishwa katika chama cha bima ya ugonjwa, kama wenyeji. Aliyeomba ukimbizi, naye angali akingoja jibu, hutunzwa na serikali, mara nyingi katika kituo cha kupokelea wakimbizi. Asiye na ruhusa yoyote haingii katika bima, lakini hakuachwa: amewekewa msaada uitwao «aide médicale urgente», yaani msaada wa matibabu ya haraka.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wasikiapo «haraka», hudhani ni ajali na kutokwa damu tu. Lakini agizo la mfalme la tarehe 12 Desemba 1996 lasema kwamba msaada huo waweza kuwa wa kuponya na wa kukinga pia. Basi mama mwenye mimba na mgonjwa wa sukari wasijitoe wenyewe. Mwenye kuamua kama matibabu yanahitajiwa ni mganga; yeye ndiye aandikaye cheti.

Njia ni hii. Mgonjwa aende kwenye CPAS, ofisi ya msaada ya komini anamokaa. Watachunguza kama kweli anakaa humo, na kama hana fedha za kujitibu. Waweza hata kumtembelea nyumbani. Uchunguzi huo huchukua siku nyingi, kwa hiyo asingoje mpaka azidiwe. Akilazwa hospitalini bila msaada huo kukubaliwa, deni laweza kumwangukia mwenyewe.

Na hofu ya polisi? Agizo lile lile lasema kwamba yaliyoandikwa katika cheti cha mganga ni siri, wala hayatumiwi kwa jambo jingine ila kulipa gharama za matibabu.

Basi ninyi wazazi, mnapoongea na watoto wenu walio huko, msiulize habari za fedha tu. Waulizeni pia: «Umekwisha kufika CPAS?» Ugonjwa hauombi ruhusa ya kukaa; mgonjwa naye asiingoje ruhusa hiyo ndipo aende kwa mganga.