Tumuulize Mnunuzi Kabla ya Kulima

Mwaka ule nililima nyanya. Wengi hapa Sitalike walilima nyanya mwaka ule. Jirani yangu alilima, shemeji yangu alilima, hata mzee mmoja ambaye miaka yote hulima mahindi tu alitenga kipande cha bonde akapanda nyanya. Sababu ilikuwa moja. Mwaka uliotangulia mwenzetu aliuza nyanya zake kwa bei nzuri, akaezeka nyumba kwa bati. Bati jipya hung'aa. Kila aliyepita njiani aliliona, akaenda kutafuta mbegu.

Mwezi wa Agosti nyanya zote ziliiva pamoja. Nilijaza matenga 12, nikayapakia garini kwenda Mpanda. Nilipofika sokoni nilikuta matenga yamepangwa mpaka nje ya soko. Mengine yalitoka vijiji vyetu, mengine yalitoka mbali. Mnunuzi wa jumla alizitazama nyanya zangu, akacheka kidogo, akataja bei. Bei ile haikutosha hata kulipia gari na matenga. Niliuza. Ningefanya nini? Nyanya hazingoji.

Wenzangu walisema, "Walanguzi wametuibia." Mimi pia nilisema hivyo kwa siku nyingi. Lakini leo nasema jambo jingine, na najua baadhi yenu hamtalipenda. Kosa kubwa lilikuwa letu. Tulitazama bati la jirani. Hatukutazama soko.

Kazi ya kutazama soko wataalamu huiita utafiti wa soko. Maneno hayo yasitutishe. Maana yake ni kutafuta habari kabla ya kutoa fedha na jasho. Nani atanunua? Atanunua kiasi gani, mwezi gani, kwa bei gani? Na nani mwingine anamletea bidhaa hiyo hiyo? Kampuni kubwa huajiri watu wa kufanya kazi hiyo. Sisi tunayo daftari, kalamu na miguu.

Wazee wetu hawakuwa na haja kubwa ya kazi hii, wala si kwa sababu walikuwa wavivu. Katika miaka ya 1970 Serikali ilitangaza bei ya mahindi, na bei ilikuwa moja nchi nzima. Mnunuzi alikuwa Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo wengi walilijua kwa herufi zake, NMC. Mkulima wa Mpanda, aliye mbali sana na Dar es Salaam, alilipwa sawa na mkulima aliye karibu. Gharama ya kusafirisha haikuwa juu yake. Wakati huo sisi tulikuwa katika Mkoa wa Rukwa, na mpango huo ulitufaa sisi watu wa mbali.

Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 biashara ya nafaka ilianza kufunguliwa kwa watu binafsi, na bei moja ya nchi nzima ikaisha. Tangu hapo umbali wetu umekuwa mzigo wetu wenyewe. Bei ya Mpanda si bei ya Tabora. Bei ya Juni si bei ya Januari. Aliyekuwa akitangaziwa bei sasa hana budi kuitafuta. Lakini wengi wetu bado tunalima kama watu wanaongoja tangazo.

Wako watakaosema kwamba soko ni bahati, na riziki hutoka kwa Mungu. Mimi sibishani na Mungu. Lakini ng'ombe akipotea tunamtafuta huku tukiomba. Kwa nini bei tusiitafute?

Tutazame jambo lililowapata wakulima wenzetu wa mbaazi. Lindi, Mtwara na Manyara hulima mbaazi nyingi. Mnunuzi mkubwa ni India, ambako watu hula mbaazi karibu kila siku. Mwaka 2015 India ilikuwa na ukame, mbaazi zikawa haba, na bei ikapanda sana. Wakulima wa Tanzania, Kenya, Malawi na Msumbiji walipata fedha nzuri, wakaongeza mashamba. Kisha mvua zikanyesha vizuri India, na wakulima wa huko wakavuna mbaazi nyingi mno. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 Serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoruhusiwa kuingia kutoka nje. Huku kwetu mbaazi zilikuwa tayari zimepandwa. Mtu aliyezoea kuuza kilo kwa zaidi ya shilingi 1,000 sasa alisikia mnunuzi akitaja mia chache. Wengine walikosa mnunuzi kabisa.

Je, mkulima wa Manyara angewezaje kujua mvua za India? Si rahisi, nakubali. Lakini swali moja angeweza kuliuliza hapo hapo mnadani: mbaazi hizi huliwa na nani? Akijibiwa kwamba zinaliwa na nchi moja tu, angejua amesimama juu ya mguu mmoja. Asingeacha kulima mbaazi, lakini asingeng'oa mahindi yote ili apande mbaazi. Msumbiji, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kutiliana mkataba na India mwaka 2016, na mbaazi zilizo katika mkataba huo hazikufungwa na kile kikomo. Wao walikuwa wamemuuliza mnunuzi mapema.

Sasa nije kwenye jambo gumu zaidi. Kuuliza nako kuna ufundi wake, hasa kwetu sisi watu wenye adabu. Nenda kwa mama yeyote hapa kijijini umwambie, "Mama, nikianza kuuza maziwa ya mgando, utanunua?" Atakuambia, "Lete tu, mwanangu." Nenda kwa wa pili, atasema hivyo hivyo. Utapata watu 30 waliosema ndiyo. Ukileta maziwa, watanunua watu wanne. Wale wengine hawakudanganya. Walikuheshimu tu. Nani atamwambia kijana wa jirani usoni kwamba hataki maziwa yake?

Kwa hiyo usimuulize mtu atafanya nini kesho. Muulize alifanya nini jana. "Mama, wiki iliyopita ulinunua maziwa mara ngapi? Ulinunua kwa nani? Ulilipa kiasi gani? Siku ulizokosa, mlitumia nini?" Majibu ya maswali hayo yana uzito. Na kama mtu anasema kwa nguvu kwamba atanunua, mwombe arbuni, yaani fedha kidogo ya kutangulia. Atakayetoa shilingi 500 ni mnunuzi. Atakayecheka na kubadili mazungumzo, huyo umwandike pembeni.

Hata wakubwa wamejifunza kutazama matendo kuliko maneno. Sote tunaijua M-Pesa. Ilianza kujaribiwa Kenya mwaka 2005, na kampuni za Safaricom na Vodafone. Wakati huo ilikusudiwa kuwasaidia watu waliokopa fedha kidogo walipe mikopo yao kwa simu. Waliijaribu kwanza kwa watu wachache. Walipowatazama watu hao, waliona wanafanya mambo mengine. Walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao. Wengine waliweka fedha kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasiibiwe njiani. Basi, ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Machi mwaka 2007, ilitangazwa kuwa njia ya kutuma fedha nyumbani. Wangeshikilia mikopo tu, labda leo tusingekuwa na huduma hiyo mifukoni mwetu.

Hapa Sitalike tuna kosa la namna hiyo, nalo linahusu watalii. Mbuga ya Katavi iko mlangoni petu, nayo imekuwa Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1974. Kila kikundi kinachoanzishwa kijijini husema, "Tutasuka vikapu, watalii watanunua." Mimi sina ugomvi na vikapu. Mama yangu alisuka. Lakini nauliza: watalii hao wanapita wapi? Wengi wao hufika kwa ndege ndogo, hutua Ikuu ndani ya hifadhi, hulala katika kambi za humo humo, kisha huondoka kwa ndege. Kijiji chetu hawakioni. Tena huja zaidi wakati wa kiangazi, Juni mpaka Oktoba, maji yanapopungua na viboko kusongamana katika madimbwi ya mto Katuma. Masika wageni ni wachache mno. Wapo wanaokuja kwa barabara na kulala hapa kijijini. Basi tuwahesabu hao kwanza, ndipo tujue tusuke vikapu vitano au mia moja.

Na tukikaa kando ya barabara kuhesabu, tutaona wengine ambao hatukuwafikiria. Yapo mabasi. Yapo malori yanayobeba mpunga na mchele wa Mpimbwe. Wapo madereva, watumishi wa hifadhi, walimu, na wagonjwa wanaokwenda hospitali Mpanda. Dereva wa lori pengine hataki kikapu. Pengine anataka chai ya moto na chapati saa kumi na moja alfajiri, wakati sisi bado tumelala. Nasema pengine, kwa sababu sijamuuliza. Hiyo ndiyo kazi ninayoisema.

Baada ya hasara yangu nilinunua daftari la kurasa 96. Kila nilipokwenda Mpanda kwa shughuli yoyote, nilipitia sokoni. Niliandika tarehe, bidhaa, kipimo, bei, na mahali ilikotoka. Kipimo ndicho kilichonipa taabu. Mtu akikuambia gunia la viazi ni bei fulani, muulize gunia lipi. Je, limefungwa sawasawa, au ni lumbesa iliyoshonewa kilemba juu? Hata sado si zote sawa. Bei bila kipimo ni kelele tu.

Nilijifunza pia kurudi sokoni jioni. Asubuhi kila muuzaji husema bidhaa yake inatoka sana. Jioni meza yenyewe husema ukweli. Nyanya zilizobaki mezani saa kumi na mbili zilinifundisha kuliko maneno yote ya asubuhi.

Tena niliwauliza mama lishe. Hawa hununua kila siku, nao hawana sababu ya kunificha. Tupige hesabu kwa mfano tu. Tuseme mama lishe 10 hununua nyanya za shilingi 4,000 kila mmoja kwa siku. Hiyo ni shilingi 40,000 kwa siku, au shilingi 280,000 kwa wiki. Wakulima 7 wakigawana soko hilo, kila mmoja atapata shilingi 40,000 kwa wiki kabla ya gharama. Wakulima wakiwa 28, kila mmoja atapata shilingi 10,000. Soko ni lile lile. Mama lishe hawakupungua. Sisi ndio tuliozidi.

Hapo ndipo mwenzangu mmoja wa darasani aliponibana. Alisema, "Daftari lako likituonyesha kwamba vitunguu vina bei Februari, sote tutalima vitunguu. Tutarudi pale pale." Nilikosa jibu siku ile. Nilikwenda nalo nyumbani swali lake. Sasa nadhani jibu ni hili: anayetafiti soko lazima awahesabu wanunuzi, na lazima awahesabu wauzaji wenzake pia. Vitalu vya jirani ni sehemu ya soko. Nikipita nikaona vitalu 20 vya nyanya mwezi wa Mei, najua Agosti itakuwaje bila kwenda Mpanda. Lakini tukifichana, kila mmoja akidhani yeye ndiye mjanja peke yake, tutakutana tena sokoni na matenga yetu.

Kwa hiyo sikubali kwamba habari za soko ziwe siri ya mtu. Darasa letu lina watu wanaojua sasa kuandika na kujumlisha. Kila wiki kuna mmoja wetu anayekwenda Mpanda kwa sababu zake. Napendekeza huyo achukue daftari la darasa, aandike bei za bidhaa kumi, na akirudi tuzisome ubaoni. Ubaoni hapo hapo tuandike pia nani anakusudia kulima nini, na kwa ukubwa gani. Atakayeona nyanya zimejaa upande wetu ataamua mwenyewe. Hatumlazimishi mtu.

Kuna watakaosema nauli ni gharama. Ni kweli. Lakini nilijumlisha mbegu, dawa, vibarua, matenga na gari la mwaka ule, nikaona kwamba fedha niliyopoteza kwa nyanya ingenilipia nauli ya Mpanda kwa miezi mingi.

Masika haya sikupanda chochote bondeni mpaka nilipomaliza kurasa nane za daftari. Nimepanda bamia kidogo na mchicha, kwa sababu mama lishe wawili walinipa arbuni. Nyanya nimeacha kwanza. Daftari la darasa mwalimu amekwisha lipigia mistari, nami nimeandika jina langu kwa Jumamosi ya kwanza.