GESI ILIYOVUJA HAIRUDI JIONI

Madereva wa magari ya zamani hapa Kisumu wana malalamiko: asubuhi mashini ya baridi yafanya kazi, saa nane joto likizidi baridi yakatika, jioni yarudi. Mabwana wengine hujibu, "Gesi imekwisha, dereva ameharibu," kisha hukata mshahara.

Sisi twauliza: gesi iliyovuja saa nane imerudije jioni? Gesi hailiwi kama petroli. Ikipungua, pana tundu, lizibwe.

Baridi ikikatika, funueni boneti papo hapo. Ikiwa puli ya kompresa yazunguka na sahani yake ya mbele imesimama, pimeni gesi na umeme. Vyote vikiwa sawa, kosa ni klachi. Ikilika, nafasi hupanuka. Koili ikipata moto sumaku hudhoofu, klachi huachia. Ikipoa hushika tena. Huo ni uchakavu!

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa uharibifu wa makusudi. Uchakavu si kusudi la mtu. Katika karakana ya reli twapima kabla ya kuhukumu. Twadai madereva wafanyiwe vivyo hivyo.

Umoja ni nguvu.