Theluji Tunayo, Sherehe Iko Wapi?

Kila mwezi wa Februari, mji wa Sapporo ulio kaskazini mwa Japani hupokea wageni kutoka pembe zote za dunia, waendao kutazama majumba na wanyama waliochongwa kwa theluji. Huenda mgeni akadhani kwamba sherehe hiyo ilibuniwa na serikali au na matajiri. Sivyo. Ilianza mwaka 1950, pale wanafunzi wa shule za mji huo walipojenga sanamu sita katika bustani ya Odori. Wanajeshi, pamoja na sanamu zao kubwa kubwa, walijiunga nao mwaka 1955. Mcheza kwao hutunzwa.

Maneno haya nawaelekezea walimu na wanafunzi wa Muthara, na wa Meru nzima. Tumezoea kuifundisha theluji kana kwamba ni mali ya Wazungu, kitu cha kusomwa katika vitabu vya Kiingereza. Ilhali Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, uko papa hapa kwenye ikweta, na Wameru huuita Kirimaara kwa ajili ya weupe wake. Kiswahili nacho hakikukosa msamiati. Neno theluji lilitoka kwa Waarabu. Barafu lilitoka kwa Waajemi, ambao kwao lina maana ya theluji yenyewe.

Lakini weupe huo unatuaga. Kati ya mwaka 1934 na 2010, barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani humo, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kwa sababu ya mabadiliko ya hali ya anga. Hata Sapporo haikusalimika: mwaka 2020 theluji ilikuwa haba, ikabidi isombwe kwa malori kutoka mbali.

Yupo atakayeuliza: karo imetushinda, sherehe ya nini? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, sisemi tuchonge sanamu. Nasema kila shule iteue siku moja ya mlima kila mwaka. Wanafunzi wawaendee wazee na kuwauliza: mlima ulionekanaje mlipokuwa watoto? Ukungu, umande, mvua ya mawe na weupe wa kileleni mliviitaje kwa Kimeru cha Tigania? Majibu yaandikwe daftarini, pamoja na tarehe, kisha yasomwe mbele ya wazazi. Gharama yake ni kalamu na karatasi.

Kitu kikitoweka, neno lake hufuata, isipokuwa liwe limeandikwa. Wazee wanaoukumbuka mlima ukiwa mweupe wanapungua kila mwaka, na kazi ya kuwasikiliza haihitaji kungoja amri ya wizara. Wanafunzi wa Sapporo hawakuingoja. Walimu, anzeni muhula huu.