Kitenzi "Kugeuza" Kinatuponza

Marehemu Juma Bhalo alituaga mwaka wa 2014, na Zein l'Abdin mwaka wa 2016. Sauti za waimbaji hawa wa Mombasa, na za akina mama walioimba harusini bila ya kutajwa popote, nyingi zingali katika kaseti zilizorundikwa makabatini Mji wa Kale, zikiliwa na joto na unyevu wa bahari. Ndiposa watu huzipeleka kwa mafundi "zigeuzwe".

Nami nilipeleka kaseti ya harusi ambayo marehemu nyanya yangu aliimba. Nilirudishiwa faili ya MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, vigelegele vikisikika kama maji yachemkayo. Kaseti yenyewe ilikuwa imetupwa. Simlaumu sana fundi. Nilimpa kitenzi kimoja, akakitekeleza.

Kumbe ndani ya kitenzi hicho mna matendo matatu. La kwanza ni kuyapima mawimbi ya sauti na kuyaandika kwa tarakimu. Katika sahani ya CD, vipimo huchukuliwa mara 44,100 kila sekunde, kila kimoja kwa biti 16. Mimi naliita kutarakimisha. Mwenye neno bora na alilete.

La pili ni kusimba, yaani kuzipanga tarakimu hizo kwa msimbo maalumu, aghalabu kwa kuzibana. Hapa ndipo penye hatari. Dakika moja ya CD huchukua takriban megabaiti 10. MP3 ya kilobiti 128 huchukua moja tu. Nafasi hiyo haikupatikana bure: MP3 hutupa sauti zinazodhaniwa kuwa sikio halitazitambua. FLAC nayo hubana bila ya kutupa chochote, ingawa faili yake huwa kubwa zaidi. Basi tuseme ubanaji wa hasara na ubanaji usio na hasara. Na atakayeigeuza MP3 kuwa WAV ataongeza ukubwa wa faili tu, kilichotupwa hakirudi.

La tatu lahusu video zaidi. AVI na MP4 si misimbo bali ni makasha, na neno kasha sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuliazima. Picha na sauti zaweza kuhamishwa kutoka kasha hadi kasha bila ya kuguswa. Lakini mafundi wengi huzisimba upya pasipo sababu, na kila zisimbwapo upya kwa ubanaji wa hasara, ubora hupungua. Baadhi ya programu zilizotafsiriwa hutumia umbizo kwa maana ya msimbo na kasha pia. Nadhani hilo ni kosa, na wanaistilahi wetu walitazame tena.

Kaseti ya pili ya harusi ile ingali kabatini. Safari hii fundi nitamwandikia karatasi: tarakimisha, hifadhi kwa WAV, usibane, na kaseti yangu nirudishie.